Nakala moja ibaki Goma

Mwanafunzi wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, mwenye kompyuta ya kuazima na bando la usiku anaweza kupakua nyota. Nasema hizi hizi za juu. Chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kiitwacho Gaia kilirushwa Desemba 2013, kikakaa huko kikizipima, na tarehe 13 Juni 2022 wenyewe wakatoa toleo la tatu la takwimu zake: nyota zipatazo bilioni 1.8, kila moja na mahali pake na mwanga wake, na nyingi zikiwa pia na umbali na mwendo. Hakuna fomu ya kuomba ruhusa. Hakuna anayekuuliza unasoma chuo gani au profesa wako ni nani. Wanasayansi waliokitumikia chombo hicho kwa miaka hawakujitengea muda wa kuzitumia takwimu peke yao kwanza. Siku walipozifungua kwa wenzao ndiyo siku walipozifungua kwa dunia nzima.

Mwanafunzi huyo huyo akitaka kujua kaya za Masisi zinakula mara ngapi kwa siku, atakwama. Masisi inaanzia upande wa Sake, mwendo mfupi kutoka Himbi barabara inapokuwa wazi. Vijiji vyake vimeulizwa maswali ya vita, ya chakula, ya ardhi, ya ndoa, ya koltani, ya chanjo, ya vifo vya watoto wachanga. Majibu yapo. Yamelala kwenye kompyuta za vyuo vya Ulaya na Marekani na katika makabati ya mashirika, na sisi huku tunaletewa muhtasari wa kurasa chache wenye picha ya mama aliyebeba kuni. Nyota zilizo mbali hata akili haifiki ni za kila mtu, na shamba la jirani yetu limefungiwa.

Hoja yangu ni moja. Kila utafiti unaokusanya takwimu za watu wa Kivu Kaskazini uache nakala yake Goma: takwimu zenyewe, si ripoti, zikiwa zimeondolewa majina na alama za kumtambulisha mtu, ziwekwe chuoni ambapo wanafunzi wetu wanaweza kuzifungua, kuzihesabu upya na kubishana nazo.

Nafundisha takwimu katika chuo kimojawapo cha mji huu, na kabla ya hapo niliishi kwa kuuliza maswali ya watu wengine. Goma wanatuita anketeri. Vijijini waliniita dada wa fomu. Kazi yenyewe naijua kwa miguu. Unafika, unamsalimia shefu wa kijiji, unamwonyesha karatasi ya safari yenye mihuri, unasubiri aisome yote hata kama ameshaiona ya namna hiyo mara nyingi. Kisha unasimama katikati ya kijiji, unaizungusha kalamu chini, na inakoelekea ndiko unakokwenda, ukihesabu nyumba mpaka mwisho wa kijiji. Unachagua namba kwa bahati, na hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Watu hufikiri tunacheza. Hapana, ndiyo heshima ya kazi hii: anketeri asichague nyumba yenye kivuli wala yenye mama mcheshi.

Halafu inakuja tableti na swali lake: mwezi uliopita mliuza maharage kilo ngapi? Mama aliye mbele yako hajawahi kuuza maharage kwa kilo. Anauza kwa kopo la maziwa la Guigoz. Na kopo hilo katika soko moja hujazwa mpaka likawa na kilima juu, katika soko jingine muuzaji hupitisha kijiti mdomoni mwa kopo na kinachozidi kinarudi guniani. Anketeri anayajua hayo yote, lakini tableti inataka namba, kwa hiyo anapiga hesabu kichwani na kuandika. Miezi baadaye mtu aliye mbali anaona bei ya kopo ni moja katika masoko mawili, na anaandika kwa uhakika kwamba maharage yana bei moja. Kumbe wa soko la kijiti analipa zaidi kwa kila punje. Kosa la namna hiyo haligunduliwi na mwenye akili nyingi aliye mbali. Linagunduliwa na msichana wa mwaka wa pili ambaye mama yake anauza maharage, endapo atapewa nafasi ya kuziona takwimu.

Hilo ndilo linalonifanya nilipiganie jambo hili. Wengi hudai nakala kwa hoja ya haki, kwamba ni mali yetu. Ni kweli, lakini kuna jingine zaidi: takwimu iliyohesabiwa na mtu mmoja tu bado haijawa elimu. Inakuwa elimu mtu wa pili anapoirudia, hasa mtu wa pili asiyempenda wa kwanza.

Chukueni namba inayotajwa kuliko zote kuhusu nchi yetu, milioni 5.4. Ni makadirio ya shirika la International Rescue Committee, yaliyotolewa Januari 2008, ya watu waliokufa kwa sababu ya vita na matokeo yake kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Kazi ilianza mwaka 2000, Mmarekani Les Roberts alipoongoza uchunguzi wa kaya huku mashariki na kupata milioni 1.7. Namba ikapanda kila uchunguzi mpya ulipofanyika. Wengi wa marehemu hao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, porini, njiani, au katika kituo cha afya ambacho dawa zake zilikwisha kuporwa.

Hesabu yake inaeleweka na yeyote aliyemaliza shule ya msingi. Waliuliza kaya nani amekufa, wakapata kiwango cha vifo. Katika uchunguzi wa mwisho kilikuwa vifo 2.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Kisha wakatoa vifo ambavyo vingekuwapo hata bila vita. Kinachobaki ndicho vita ilichokula. Sasa, bila vita Kongo ingekuwa na vifo vingapi? Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika Julai 1984. Wachunguzi wakatumia 1.5, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report, wenye makao yao katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, wakapinga: Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani hata kabla ya vita, hivyo kipimo cha kuanzia kilikuwa chini mno.

Angalieni uzito wa jambo hilo. Katika watu milioni moja, ukitoa 1.5 katika 2.2 unabaki na vifo 700 vya vita kila mwezi. Ukitoa 2.0 unabaki na 200. Maiti ni wale wale, makaburi ni yale yale, lakini namba inayotajwa Umoja wa Mataifa inaanguka kwa zaidi ya theluthi mbili kwa sababu ya nusu moja iliyobadilishwa mezani. Na wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, wakipita njia nyingine iliyotegemea pia uandikishaji wa wapiga kura, walifika karibu 200,000 tu.

Mimi naona 1.5 ilikuwa ndogo kwa nchi iliyokwisha kuporomoka tangu miaka ya mwisho ya Mobutu. Naona pia kwamba 200,000 haiwezi kutosha kwa yaliyotupata. Lakini maoni yangu yana uzito gani? Ningetaka kuziona kaya zenyewe, kijiji kwa kijiji: wapi watu walikuwa wamekimbia siku ya uchunguzi, wapi waliogopa kusema, wapi mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina hakuhesabiwa kwa sababu kwao hahesabiwi. Ubishi mzima ulipita kati ya New York, Vancouver na Brussels. Waliopita nyumba kwa nyumba kuuliza walikuwa Wakongo. Sijakutana na mwanafunzi wa Goma aliyewahi kuzishika karatasi zile.

Kwa wanafizikia wa nyota, kuzishika takwimu za wengine na kuzihesabu upya ni jambo la kawaida tu. Tarehe 10 Aprili 2019 ilitolewa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, pete ya mwanga iliyojaa kwenye magazeti yote. Takwimu zikawekwa wazi. Kundi la Wajapani lililoongozwa na Makoto Miyoshi likazichambua upya, na mwaka 2022 likachapisha kwamba wao pete hawaioni. Wenye picha wakajibu kwa hoja zao. Mimi si wa fani hiyo, siwezi kuamua, ila namwambia kila mwanafunzi wangu asome jinsi walivyobishana: kila upande ukitaja takwimu zile zile, kila upande ukiwa na nafasi ya kukagua kazi ya mwenzake.

Mkoa wetu nao una takwimu yake iliyobishaniwa kwa namna hiyo, na ni ya zamani kuliko zote. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, akapata mfupa mdogo wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Umri wake sasa unakadiriwa kufika miaka 20,000 hivi. Safu mbili zina jumla ya 60 kila moja, ya tatu 48. De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Mfupa upo Brussels, na kwangu mimi haupaswi kuwa huko. Lakini idadi ya mikwaruzo imechapishwa, kwa hiyo huwapa wanafunzi mafungu yote 16 wajaribu wenyewe. Ndani ya saa moja kila meza huwa imepata maana yake, na hapo ndipo wanapojifunza somo la kwanza la takwimu: namba 16 ni chache, ukizitafutia siri hazikosi kukupa. Somo hilo tunaweza kulifundisha kwa sababu tu mtu alihesabu na kuchapisha hesabu yake yote.

Wachumi nao walichelewa kujifunza, lakini wamejifunza, na walijifunzia hapa Afrika Mashariki. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi kuanzia mwaka 1998, watoto wakipewa dawa za minyoo kwa zamu. Makala yao ya mwaka 2004 ilisema mahudhurio yaliongezeka, na kwamba hata watoto ambao hawakunywa dawa walifaidika kwa sababu wenzao hawakuwaambukiza tena. Nchi nyingi zilinunua dawa kwa nguvu ya makala hiyo. Baadaye waandishi wakatoa takwimu na programu zao zote kwa wataalamu wa afya wa London. Mwaka 2015 wale wa London wakachapisha makosa waliyoyakuta, likiwamo kosa la programu katika kuhesabu faida kwa shule zilizo mbali kidogo. Ukazuka ugomvi mkubwa. Kremer akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 vilevile, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kukaguliwa hakukumwangusha. Leo tunajua kuhusu minyoo ya Busia mambo mengi zaidi, na tunajua ni yapi ya kushikilia na yapi ya kuachia.

Kivu je? Mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa karibu mara kumi, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Anayekumbuka Goma ya wakati ule anakumbuka nyumba zilivyoota na vijana walivyoacha shule kwenda mashimoni. Pole Institute, taasisi iliyopo hapa hapa Himbi, ilichapisha Januari 2002 uchunguzi wake wa jinsi madini hayo yalivyobadilisha maisha ya mkoa, ukiandikwa na watu wetu akiwamo Aloys Tegera, wakati vita vikiendelea. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, mchumi Raúl Sánchez de la Sierra alichapisha katika mojawapo ya majarida makubwa ya uchumi duniani kazi iliyojengwa juu ya historia za vijiji vya machimbo ya Kivu. Anasema bei ilipopanda, wenye silaha walijikita kwenye vijiji vya koltani, wakaweka ushuru na kulinda wanachokitoza, kwa kuwa koltani ni nzito na haifichiki. Dhahabu huingia mfukoni, hivyo huko walitafuta njia nyingine za kutoza, kama ushuru wa kile wachimbaji wanachokula na kununua.

Ni kazi nzito na naiheshimu. Na ndiyo sababu nataka wanafunzi wangu waikague. Hapa Goma wamo waliozaliwa karibu na machimbo, wanaojua nani alikusanya ushuru kwenye kizuizi gani, na mwaka gani kizuizi kilibadilisha wenyewe. Wapewe takwimu, waseme palipo sawa na palipo pungufu. Leo wanachopewa ni hitimisho la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Saratani nimeiacha mpaka sasa kwa makusudi, maana ndipo jambo hili linaponiuma. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aliona katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto wenye uvimbe wa taya wa namna ya kipekee. Akaandikia hospitali za Afrika nzima kuuliza nani ameuona. Mwaka 1961 akaondoka kwa gari na wenzake wawili, wakaendesha takriban kilomita 16,000 kuchora ramani yake. Ramani ikaonyesha kwamba katika ukanda wa ikweta uvimbe huo unakuwa adimu ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, na pale penye baridi au ukame. Goma ipo karibu kabisa na mstari huo. Hiyo ilikuwa takwimu tupu: wapi wapo, wapi hawapo.

Mwaka huo huo Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt London, akaomba vipande vya uvimbe. Vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu ukafunga London, ndege ikapelekwa Manchester, na kipande cha mtoto wa Uganda kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa kama maziwa. Mwingine angekitupa akidhani kimeoza. Epstein akatazama kwa hadubini akakuta seli hai zikielea, na katika seli zilizokuzwa kutokana na hizo kikaonekana kirusi, ambacho yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikitangaza mwaka 1964, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake huko Sweden walionyesha kwamba katika saratani hiyo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana ni jeni gani linalohamishwa na kuachwa likiwaka bila kuzimwa: MYC. Jeni hilo sasa linatajwa katika saratani za aina nyingi duniani.

Kila hatua ya hadithi hiyo ina mtoto wa Afrika nyuma yake. Na leo? Mwaka 2019 Giorgio Sirugo, Scott Williams na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba kati ya watu wote walioingizwa katika tafiti kubwa za jeni zinazohusisha tabia na magonjwa, asilimia 78 ni wa asili ya Ulaya na asilimia 2 tu ni wa asili ya Afrika. Maana yake kwa mama wa Goma mwenye uvimbe wa titi ni hii: hata akipata fedha za kupimwa jeni, herufi ya jeni iliyobadilika mwilini mwake inaweza kurudi na jibu kwamba maana yake haijulikani. Haijulikani kwa sababu watu wa kwao hawakuhesabiwa. Huyo mama anayeuza vitenge, anayekusanyiwa michango kanisani ili apelekwe Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako hospitali ya saratani ilifunguliwa mwaka 2012, anabeba bahasha ambayo ndani yake sayansi haina la kumwambia. Nimewasindikiza wanawake wa namna hiyo mpaka mpakani. Sitaki binti zao wabebe bahasha hiyo hiyo.

Na tusidanganyane kwamba mambo haya hayawezekani huku. Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua Beni na Butembo, yalianza majaribio ya dawa nne kwa wakati mmoja chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani. Wagonjwa 681 waliandikishwa, kila mmoja akipangiwa dawa kwa bahati. Kamati huru ilikuwa ikizifungua hesabu wakati kazi inaendelea, na Agosti 2019 ikasema basi: dawa mbili zimeshinda waziwazi, wote wapewe hizo. Kati ya waliopewa mojawapo walikufa asilimia 33.5, ya pili asilimia 35.1, ilhali kwa mbili zilizobaki walikufa karibu nusu na zaidi. Jina la kwanza kwenye makala ni la Mkongo, Sabue Mulangu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Jina la pili, Lori Dodd, ni la mtaalamu wa takwimu. Hesabu ilirudi kwa wagonjwa wakiwa bado kitandani. Ilifanyika katika mkoa huu huu, watu wakipigana na vituo vya matibabu vikishambuliwa.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa. Kwanza, usalama wa watu: takwimu za vijiji vyenye wapiganaji zinaweza kumuua aliyesema. Hilo ni kweli, na anketeri ndiye anayelijua kuliko mwingine, maana ndiye aliyeahidi kwa mdomo wake kwamba jina halitatoka. Ndiyo maana nasema majina yaondolewe, mahali pa nyumba pafutwe, kijiji kipandishwe kuwa kundi la vijiji au hata teritwari, na zilizo hatari zaidi zisomwe katika chumba kimoja bila kunakiliwa. Ofisi za takwimu za nchi nyingi zinafanya hivyo. Ajabu ni kwamba hofu hiyo huwa kubwa pale tu takwimu zinapotakiwa kurudi Goma. Zikitoka Goma kwenda Ulaya ndani ya tableti begani mwa kijana aliyekaa nyuma ya pikipiki, hakuna anayeitaja.

Pili, wanasema mji wenyewe si salama. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitahadharisha hadharani juu ya maabara ya INRB ya hapa Goma na sampuli za virusi zilizomo, Ebola ikiwamo. Tulikuwa ndani ya nyumba zetu, tumelala chini ya meza, tukiisikia habari hiyo redioni. Sampuli ya virusi ikipotea au ikivuja ni msiba. Lakini takwimu si chupa. Nakala ikiwa Goma, nyingine Bukavu, nyingine Kinshasa, na ya asili kule kwa mtafiti, kuchomwa kwa moja hakupotezi kitu. Mji unaojua kwamba unaweza kuungua ndio wenye haja ya nakala nyingi.

Tatu, na hili husemwa kwa sauti ya chini: wanafunzi wenu hawana uwezo. Nawaalika waje wakae nao. Kinachowaua ni kazi za kumaliza masomo zinazonakiliwa kutoka kwa waliotangulia, mada zile zile za mchango wa biashara ndogondogo katika familia, hojaji thelathini zilizojazwa jioni moja. Wanafanya hivyo kwa sababu hawana cha kuhesabu. Mpe kijana kaya elfu tatu za kweli zenye kasoro za kweli, mwambie arudie jedwali la makala iliyochapishwa na aeleze kwa nini namba zake hazilingani, uone kama atalala.

Kwa hiyo naomba mambo ya kutendeka. Vyuo vya Goma vinatoa barua za ushirikiano na vibali vya maadili kwa watafiti wanaokuja. Barua hiyo iwe na sharti: ndani ya mwaka mmoja baada ya kazi ya uwanjani kwisha, nakala iliyosafishwa iletwe, pamoja na hojaji na maelezo ya kila swali kwa Kifaransa na Kiswahili. Majina ya anketeri wanaokubali kutajwa yaandikwe humo, kwa kuwa ukitaka kujua kopo lilijazwa vipi, huyo ndiye wa kumwuliza. Asiyeleta asipewe barua ya pili. Na sisi walimu tuache kushindana kila mtu na mgeni wake, kila mtu na kabati lake. Himbi ina taasisi za kutosha zilizo karibu kiasi cha kutembeleana kwa miguu, na hifadhi moja ya pamoja inatosha.

Mtafiti anayepanga hivi sasa kuja kwetu ameshaweka katika bajeti yake tiketi, hoteli ya kando ya ziwa, gari la kukodi, tableti na posho za anketeri. Aongeze mshahara wa miezi mitatu wa kijana mmoja wa hapa atakayesafisha takwimu hizo na kuziandalia nakala ya Goma. Fedha hizo ni ndogo kuliko za gari.